Tuambiwe Moto Ulianzaje

Juni 1994, bweni la Shule ya Sekondari ya Wasichana Shauritanga, wilayani Rombo, liliungua usiku na kuua wanafunzi zaidi ya 40. Agosti 2009 likaungua bweni la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, wakafa wasichana 12. Katika misiba yote miwili kilichotajwa ni mshumaa. Kati ya moto wa kwanza na wa pili ilipita miaka 15, muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kuanza shule na kufika kidato cha pili, na bado mshumaa ukafika tena kwenye godoro la mwanafunzi. Hatuwezi kusema hatukujua chanzo. Tulikijua kwa jina, tukaishia kwenye jina. Mshumaa ulilaumiwa, wanafunzi wakaonywa, na swali ambalo lingeweza kuzuia msiba wa pili halikupewa uzito wake: kwa nini msichana wa sekondari asomee mshumaa kitandani usiku wa manane? Jibu lake mara nyingi liko kwenye jenereta inayozimwa mapema, shule isiyo na umeme wala sola, chumba cha kujisomea ambacho hakipo, na mtihani ulio mlangoni. Hayo yote yanarekebishika. Kumkataza mtoto mshumaa bila kumpa mwanga kunamfanya auwashe kwa kificho, ndani ya chandarua, mahali pabaya kuliko pote.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kuchunguza chanzo cha moto mpaka mwisho, na kukitangaza kwa usahihi unaomwezesha mtu fulani kuchukua hatua fulani, kunaokoa watu wengi zaidi kuliko gari jipya la zimamoto. Nasema hivyo nikijua wazi kwamba magari ni machache na askari wa zimamoto wanafanya kazi ngumu kwa vifaa haba. Lakini tumezoea kuupima uwezo wetu wa kupambana na moto kwa idadi ya magari na kasi yake, na karibu hatuulizi ni mioto mingapi iliyochunguzwa vizuri kiasi kwamba mwingine wa aina yake hautatokea tena.

Chukua jibu tunalolisikia kuliko yote, yaani hitilafu ya umeme. Soko limeungua, hitilafu ya umeme. Nyumba ya familia ya watu sita, hitilafu ya umeme. Ghala, saluni, ofisi ya serikali, yote hitilafu ya umeme. Jibu hilo ni sawa na daktari kuandika “homa” kwenye cheti cha mgonjwa na kufunga faili. Homa ya nini? Umeme huleta moto kwa njia nyingi, na kila njia ina mwenyewe wa kuwajibika. Joto linalozalishwa kwenye waya hukua haraka kuliko mkondo wenyewe: mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Ndiyo maana fundi aliyesomea kazi huweka waya wa milimita za mraba 1.5 kwenye taa, wa 2.5 kwenye soketi, na mnene zaidi kwa jiko au hita ya maji. Sasa tazama fremu ya dukani iliyowekewa taa mbili na soketi moja siku ilipojengwa. Leo ina friji ya soda, mashine ya kunyolea, feni, chaja kumi za simu na ekstensheni inayopita chini ya zulia kwenda fremu ya jirani. Sakitibreka ingekata, na kwa kweli ilikuwa ikikata kila mchana, mpaka mpangaji alipochoka akamwita kishoka, fundi wa umeme asiye na leseni, ambaye aliiondoa na kuweka kubwa zaidi. Biashara ikaendelea. Waya uliokuwa ukilindwa ukaanza kuchemka juu ya dari, mahali pasipoonekana na mtu.

Hiyo ni njia moja tu. Nyingine ni skrubu ya soketi isiyokazwa sawasawa. Pale penye kiungo kilicholegea huzuka joto kali hata kama mkondo uko ndani ya kiwango, na sakitibreka haioni lolote kwa sababu mkondo haujazidi. Nyingine ni waya bandia wa alumini uliopakwa shaba juu, unaouzwa kwa bei ya chini na kuonekana halali kwa macho. Nyingine ni pasi iliyoachwa kwenye nguo umeme ulipokatika jioni. Watu wakasahau, wakalala, umeme ukarudi saa nane. Kila moja inadai tiba yake. Waya bandia ni kazi ya shirika la viwango na forodha. Sakitibreka iliyobadilishwa ni kazi ya mwenye jengo na mkaguzi. Kiungo kilicholegea kinarudi kwa fundi na kwa aliyempa leseni, kama anayo. Pasi inahitaji elimu ya nyumbani, na pengine ratiba ya mgawo inayoaminika ili watu wajue umeme unarudi lini. Tukiyafunga yote katika maneno matatu, hakuna hata mmoja kati ya hao anayejua kwamba ameambiwa yeye.

Na kuna nyakati maneno hayo si kweli kabisa. Mchunguzi akikuta kwenye majivu waya ulioyeyuka ncha, hajathibitisha kwamba waya ndio ulioanzisha moto. Moto ulioanza kwa jiko la mkaa au kipande cha sigara, ukizifikia nyaya zenye umeme, huunguza plastiki yake, nyaya hugusana, shoti hupiga na shaba huyeyuka vilevile. Kuitenganisha shoti iliyoleta moto na ile iliyoletwa na moto ni kazi ya kitaalamu inayohitaji kujua moto ulianzia kona gani, nini kilikuwa kimechomekwa, na sakitibreka ipi ilikata kwanza. Palipo na haraka ya kusafisha eneo ili ujenzi uanze, ushahidi huo huzolewa na kijiko na kutupwa dampo kabla mtu hajaupiga picha.

Kujua kilichouwasha moto bado si kujua kilichowaua watu, na hapa ndipo uchunguzi mwingi hukatika njiani. Machi 1998, moto katika shule ya wasichana ya Bombolulu, Pwani ya Kenya, uliua wanafunzi zaidi ya 20 waliokuwa wamefungiwa bwenini. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos. Kyanguli ilikuwa petroli iliyomwagwa kwa makusudi, lakini waliokufa hawakuuawa na petroli peke yake. Waliuawa pia na mlango uliotiwa kufuli, madirisha yenye nondo, na vitanda vilivyosongamana kupita uwezo wa bweni. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule unaosema yote hayo: milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, mabweni yasijazwe kupita kiasi. Mwongozo huo ni mfano mzuri wa chanzo kilichogeuzwa kuwa kanuni. Lakini kanuni isiyokaguliwa ni karatasi, na Septemba 2024 wavulana 21 walipoteza maisha Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, katika bweni lililokuwa likilaza zaidi ya watoto 150. Baada ya hapo ndipo wizara ilipofunga sehemu za bweni katika mamia ya shule za msingi kwa kutotimiza masharti. Masharti yalikuwa yamekuwepo kwa miaka 16.

Uingereza nako wamelipitia hili kwa uchungu. Juni 14, 2017, jengo la ghorofa la Grenfell, London, liliungua na watu 72 wakafa. Chanzo kilikuwa friji katika nyumba ya ghorofa ya nne. Kama uchunguzi ungeishia hapo, funzo lingekuwa watu waangalie friji zao. Tume ya Grenfell ilikwenda mbali zaidi, ikaonyesha jinsi moto mdogo wa jikoni, ambao zimamoto walikaribia kuumaliza, ulivyotoka dirishani ukadaka mabati ya urembo ya nje yenye plastiki ndani, ukapanda jengo zima. Ikaendelea kuuliza nani aliyauza, nani aliyapitisha, na kwa nini onyo la moto wa jengo la Lakanal wa mwaka 2009, uliochukua watu sita katika jiji hilohilo, halikusikilizwa. Ripoti ya mwisho ilitoka Septemba 2024. Ni miaka saba, na ninaelewa atakayesema hatuna fedha za tume ya namna hiyo. Hatuhitaji tume ya namna hiyo kwa kila moto. Tunahitaji maswali yake.

Yapo pia madhara ya kukitaja chanzo kisicho chenyewe. Desemba 1991, nyumba iliungua katika mji wa Corsicana, Texas, wakafa mabinti watatu wa Cameron Todd Willingham. Wachunguzi waliona sakafu iliyoungua kwa mabaka na vioo vilivyopasuka kama utando wa buibui, wakasema hizo ni alama za mafuta yaliyomwagwa, kwa hiyo baba ndiye aliyechoma. Mwaka huohuo wa 1991, huko Jacksonville, Florida, wataalamu walikuwa wameichoma nyumba iliyokuwa ikingoja kubomolewa ili kupima nadharia kama hizo. Waliwasha kochi tu, bila petroli. Katika dakika zisizofika tano chumba kizima kilishika moto kwa mpigo mmoja, na sakafu ikabaki na mabaka yaleyale yaliyokuwa yakiitwa ushahidi wa uhalifu. Vioo navyo hupasuka hivyo vikimwagiwa maji vikiwa vya moto. Willingham aliuawa kwa sindano ya sumu Februari 2004, na baada yake wataalamu wa moto walioipitia kesi walisema hapakuwa na msingi wa kisayansi wa kudai moto uliwashwa kwa makusudi. Ninaileta kesi hii ya mbali kwa sababu katika nchi zetu wanafunzi hukamatwa kila mwaka kwa tuhuma za kuchoma shule, na baadhi wana hatia kweli. Mahakama inayomhukumu mtoto wa miaka 16 inastahili ushahidi ulio bora kuliko harufu iliyonuswa na shahidi na dhana ya mwalimu wa nidhamu. Mchunguzi mwaminifu anapaswa pia kuwa na ruhusa ya kuandika kwamba chanzo hakikuthibitika, bila kusukumwa kuchagua jibu ili kamati ifunge kazi.

Hata pale hujuma inapothibitishwa, kusema “wanafunzi walichoma” si mwisho wa chanzo. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 za Kenya ziliungua katika muda wa miezi michache, nyingi katika muhula wa pili, kabla ya mitihani ya majaribio. Moto unaorudi katika msimu uleule wa mwaka unatuelekeza kwenye kalenda, msongamano, hofu ya mtihani na njia zilizozibwa za mwanafunzi kusikilizwa. Kumfunga aliyewasha kiberiti ni haki. Hakutuambii chochote kuhusu muhula wa pili wa mwaka unaofuata.

Pingamizi la kwanza ninalolijua ni la mioyo yetu wenyewe: ajali haina kinga, na siku ikifika imefika. Maneno hayo humfariji aliyefiwa, nami siwezi kuyapinga matangani. Lakini imani tulizonazo hazijatufundisha kukaa kimya mbele ya chanzo kinachojulikana. Katika hadithi za Mtume Muhammad zilizopokewa na Bukhari kuna maelekezo ya kuzima taa kabla ya kulala, na sababu yake imetajwa waziwazi: panya anaweza kuuburuta utambi na kuwaunguza wenye nyumba. Hapo pana chanzo, namna kinavyofanya kazi, na hatua ya kuchukua kila usiku. Msomaji wa Lamu au Tanga aliyekulia na koroboi hahitaji kuelezwa zaidi.

Pingamizi jingine ni la kifedha, nalo lina uzito. Wapo watakaouliza kwa nini tutumie fedha kuchimbua majivu wakati wilaya nzima ina gari moja la zimamoto, pengine bovu, na mabomba ya kuchukulia maji barabarani yamekauka. Jibu liko kwenye ile nyumba ya Jacksonville. Kama chumba chenye kochi, mazulia na sponji huwaka chote ndani ya dakika chache, basi gari linalotoka kituoni na kupita foleni ya Buguruni au ya Barabara ya Jogoo litafika kuilinda nyumba ya jirani. Hiyo nayo ni kazi ya maana. Aliyekuwa ndani, hata hivyo, aliokolewa au alipotea kabla ving’ora havijasikika, kwa kutegemea mlango, nondo, waya na mtungi wa gesi. Mfano wa uchumi wa jambo hili uko Marekani, ambako takwimu za vyanzo zilionyesha wazi watoto wadogo waliokuwa wakicheza na viberiti vya gesi. Mwaka 1994 ikaanza kutumika kanuni kwamba viberiti hivyo vitengenezwe kwa namna inayomshinda mtoto kuwasha, na moto wa aina hiyo ukapungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna kituo kilichojengwa wala gari lililonunuliwa. Kilichohitajika ni mtu kuandika umri wa aliyewasha na kitu alichowashia, mara elfu nyingi, katika fomu zinazofanana.

Kumbukumbu hizo zina faida nyingine kwetu hivi sasa kwa sababu vyanzo vinahama. Koroboi inaondoka, gesi inaingia. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nami naliunga mkono kwa moyo wote kwa ajili ya mapafu ya mama zetu. Lakini gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda dirishani, hutambaa sakafuni, ikajikusanya chini ya kabati na kusubiri cheche ya swichi. Jiko la zamani lenye tundu la moshi juu halikujengwa kwa hatari hiyo. Februari 2024, Embakasi jijini Nairobi, gesi ililipuka katikati ya makazi na mtaa mzima ukajua maana yake. Nyuma ya gesi zinakuja betri za lithiamu za bodaboda za umeme, ambazo moto wake unaweza kuzuka upya saa kadhaa baada ya kuonekana umezimwa. Nchi isiyo na daftari la vyanzo vya jana haitaona vya kesho vinapoanza kuongezeka.

Linabaki pingamizi la watawala, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: kutaja chanzo ni kutaja mkosaji, na mkosaji anaweza kuwa mwenye jengo mkubwa, halmashauri iliyokusanya ushuru bila kukagua, au shirika la umma. Fidia na kesi zinafuata, kwa hiyo ripoti hubaki kabatini. Lakini kuna sekta moja ambayo imeshalitatua tatizo hili, nayo ni ya usafiri wa anga. Sheria za kimataifa zinataka uchunguzi wa ajali ya ndege ufanywe kwa lengo la kuzuia nyingine, ukitengwa na kesi ya kutafuta wa kulaumiwa. Ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na Bukoba, Novemba 6, 2022, na watu 19 kufa, ripoti ya awali ilikuwa hadharani mwezi huohuo, ikisema hata mambo yanayouma kuhusu kuchelewa kwa uokoaji. Nchi ileile, yenye wataalamu na bajeti ileile, iliweza. Sijaona sababu ya abiria wa ndege kustahili ukweli ambao muuza mitumba aliyepoteza mtaji wa miaka 20 hastahili. Na ukweli usipotolewa, nafasi yake hujazwa na uvumi. Mfanyabiashara wa Gikomba, soko ambalo limeungua mara kwa mara na ambako watu 15 walikufa Juni 2018, anaamini kuna mtu anayeitaka ardhi yake. Huenda amekosea, huenda yuko sahihi. Asiyempa ripoti hana haki ya kumwita mzushi.

Sheria hazitukwamishi. Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na jeshi lina jukumu la kukagua majengo na kuchunguza moto. Kinachokosekana ni wachunguzi wa kutosha waliofunzwa, maabara, na desturi ya kutoa matokeo. Kenya ina ugumu wa namna yake, kwani zimamoto ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010, na kaunti 47 zisipojaza fomu moja hakuna atakayegundua kwamba aina fulani ya soketi imeunguza nyumba Kisumu, Eldoret na Kilifi katika mwaka mmoja. Ningeanza na jambo dogo: eneo la moto uliosababisha kifo au kuunguza soko lisiguswe na kijiko mpaka mchunguzi atie saini, na ripoti yake isomwe kwa Kiswahili mbele ya wapangaji kabla ya kibanda cha kwanza kusimamishwa, ikitaja waya ulikuwa wa ukubwa gani, nani aliufunga, nani alipaswa kuukagua na mara ya mwisho alifika lini.